Matairi Makubwa Kwenye Pikapu za Zamani: Kinachoongezeka, Kinachopungua na Anachopaswa Kujua Mmiliki

Pikapu za zamani zenye uwezo wa kuendeshwa kwa magurudumu manne bado ni tegemeo la usafiri katika wilaya nyingi nchini. Land Rover 110 iliyoingia sokoni mwaka 1983 na Land Cruiser za familia ya 70 zilizoanza kutengenezwa mwaka 1984, zikiwemo zile zinazofahamika mitaani kwa jina la “mkonga”, zinaendelea kubeba mazao, pembejeo, dawa, wagonjwa na watumishi katika maeneo ambayo gari dogo halifiki, hususan wakati wa masika.

Kutokana na hali ya baadhi ya barabara za udongo, wamiliki wengi wa magari hayo hufikiria kufunga matairi makubwa kuliko yale yaliyokuja na gari, kwa matarajio kuwa gari litakuwa juu zaidi, litavuka tope kwa urahisi na litadumu. Matarajio hayo yana ukweli ndani yake. Hata hivyo, tairi ni sehemu ya mwisho ya mnyororo unaoanzia kwenye injini na kupita kwenye gia boksi, difu, ekseli na breki. Kipenyo cha tairi kinapobadilika, kazi ya kila sehemu ya mnyororo huo hubadilika pia. Makala hii inaeleza mabadiliko hayo, namna ya kuyapima na hatua za kuchukua kabla ya kutumia fedha.

Kusoma namba za tairi

Taarifa zote muhimu zimeandikwa ubavuni mwa tairi. Mathalani, katika tairi la 235/85R16, namba 235 ni upana wa tairi kwa milimita, 85 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, herufi R inaonesha kuwa ni tairi la redio, na 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Kipenyo cha tairi zima hupatikana kwa kujumlisha kimo cha ubavu mara mbili na kipenyo cha rimu. Asilimia 85 ya milimita 235 ni takribani milimita 200. Mara mbili ni 400. Ikijumlishwa na rimu ya inchi 16, ambayo ni milimita 406, jumla ni takribani milimita 806.

Kipimo hicho kinakaribiana sana na kile cha tairi la 7.50R16, lenye kipenyo cha takribani milimita 805, ambalo limetumika kwa miaka mingi katika Land Rover na Land Cruiser za kazi. Kwa sababu hiyo, milimita 806 ndiyo itakayotumika kama msingi wa ulinganisho katika makala hii.

Baada ya kipimo hicho huandikwa namba ya uwezo wa mzigo na herufi ya ukomo wa mwendo. Namba 116 ina maana kuwa tairi moja linaweza kubeba kilo 1,250. Namba 120 ni kilo 1,400. Na 123 ni kilo 1,550. Herufi Q ni ukomo wa kilomita 160 kwa saa, R ni 170 na S ni 180. Aidha, tarehe ya kutengenezwa huoneshwa kwa tarakimu nne za mwisho zinazofuata herufi DOT: 3521 ina maana ya wiki ya 35 ya mwaka 2021. Tarakimu hizo ni muhimu zaidi kwa mnunuzi wa matairi ya mtumba, kwa kuwa tairi linaweza kuwa na kashata nzuri huku mpira wake ukiwa umezeeka na kuanza kupasuka ubavuni.

Kinachoongezeka

Kanuni ya kwanza ya kukumbuka ni kuwa gari hupanda kwa nusu tu ya ongezeko la kipenyo, kwa kuwa ekseli hukaa katikati ya gurudumu. Tairi likiongezeka kwa milimita 28, difu husogea juu ya ardhi kwa milimita 14. Ikilinganishwa na tairi la 235/85R16, hali ya vipimo vinavyouzwa kwa wingi ni kama ifuatavyo:

- 265/75R16: kipenyo cha takribani milimita 804. Tairi ni pana zaidi kwa milimita 30, lakini halinyanyui gari hata kidogo.
- 285/75R16: kipenyo cha takribani milimita 834. Difu hupanda kwa milimita 14, na kipenyo huongezeka kwa asilimia 3.5.
- 255/85R16: kipenyo cha takribani milimita 840. Difu hupanda kwa milimita 17, na kipenyo huongezeka kwa asilimia 4.2.
- 315/75R16: kipenyo cha takribani milimita 879. Difu hupanda kwa milimita 37, na kipenyo huongezeka kwa asilimia 9.1.

Ulinganisho huo unaonesha kuwa tairi linaloonekana kubwa kwa macho si lazima liwe refu. Mmiliki anayenunua 265/75R16 ili gari lisigonge difu kwenye mitaro atakuwa amelipia upana, si kimo.

Upana nao una faida na hasara zake. Kwenye mchanga, tairi pana husambaza uzito wa gari na kulizuia kuzama. Kwenye njia yenye tope jembamba juu ya ardhi ngumu, tairi jembamba hulipenya tope na kushika ardhi iliyo chini, wakati tairi pana huelea juu yake na kuteleza. Katika udongo mweusi wa mbuga, ambao hunata na kujaa katikati ya kashata, umbo la kashata na uwezo wake wa kujisafisha huwa na uzito kuliko upana wenyewe.

Kinachopungua: nguvu ya kuvuta

Tairi kubwa husafiri umbali mrefu zaidi katika kila mzunguko. Kwa maneno mengine, linafanya kazi kama gia ndefu zaidi. Nguvu inayofika barabarani hupungua kwa uwiano uleule ambao kipenyo kimeongezeka. Kwa tairi la 315/75R16, nguvu hiyo hupungua kwa takribani asilimia 8.

Katika gari jipya lenye injini kubwa ya turbo, upungufu huo huenda usionekane. Katika Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, ambayo ni ya dizeli, silinda sita, lita 4.2 na isiyo na turbo, dereva atauona mara moja anapopanda mlima akiwa na mzigo. Atalazimika kushuka gia mapema, klachi itafanya kazi nzito zaidi wakati wa kuondoka, na gia ya tano inaweza kukosa matumizi nje ya barabara tambarare.

Njia ya kitaalamu ya kurejesha hali ya awali ni kubadilisha meno ya difu. Gari lenye difu ya uwiano wa 4.11 likifungwa matairi ya 315/75R16 huhitaji uwiano wa takribani 4.48 ili lirudi lilivyokuwa. Kazi hiyo lazima ifanyike kwenye difu zote mbili, ya mbele na ya nyuma, kwa uwiano uleule, na gharama yake inaweza kuzidi bei ya matairi yenyewe. Kwa ongezeko la asilimia 3 au 4, wamiliki wengi huweza kuendelea bila badiliko hilo, mradi injini iwe na afya nzuri.

Breki na spidomita

Eneo hili ndilo linalogusa uhai wa watu moja kwa moja, na ndilo husahaulika zaidi gereji.

Breki husimamisha gurudumu kwa kulikaba karibu na kitovu chake. Kadiri tairi linavyokuwa refu, ndivyo nguvu ileile ya breki inavyozalisha ukinzani mdogo zaidi pale tairi linapogusa barabara. Kwa tairi lililoongezeka kwa asilimia 9.1, uwezo huo hupungua kwa takribani asilimia 8. Uzito wa ziada wa tairi na rimu, ambao nao unazunguka, huongeza mzigo huo.

Wakati huohuo, spidomita huhesabu mizunguko ya shafti. Haina namna ya kufahamu kuwa kila mzunguko sasa ni mrefu zaidi. Spidomita inaposoma kilomita 80 kwa saa, gari lenye 315/75R16 linaweza kuwa linakwenda kilomita 87. Inaposoma 50, linakwenda takribani 54.5. Kwa kuwa nishati ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi, ongezeko hilo la asilimia 9 lina maana kuwa gari linabeba nishati zaidi kwa takribani asilimia 19 ya ile anayoidhania dereva. Hivyo basi, breki zilizodhoofika kwa asilimia 8 zinatakiwa kuondoa nishati iliyoongezeka kwa asilimia 19, katika gari ambalo huenda lina umri wa miaka 30.

Hali hiyo ni ya hatari zaidi katika miteremko mirefu kama Kitonga mkoani Iringa au barabara za milima ya Usambara. Dereva aliyezoea kuteremka kwa gia fulani atakuta kuwa, kwa mzunguko uleule wa injini, gari linakwenda kasi zaidi na injini inalizuia kidogo zaidi. Mguu utakaa kwenye breki kwa muda mrefu, breki zitapata joto na uwezo wake utapungua pale unapohitajika zaidi.

Ieleweke kuwa spidomita nyingi hutengenezwa zikisoma juu kidogo ya mwendo halisi, kwa kuwa Kanuni Na. 39 ya Umoja wa Mataifa hairuhusu spidomita kusoma chini ya mwendo wa gari. Nafasi hiyo inaweza kumeza ongezeko dogo la kipenyo, lakini si busara kuitegemea kwa ongezeko la asilimia 9. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inaweka ukomo wa kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na kifaa cha askari, maarufu kama tochi, hupima mwendo halisi wa gari na si kile kinachosomeka kwenye dashibodi.

Kaunta ya kilomita nayo huathirika kwa namna hiyohiyo. Gari lililotakiwa kubadilishwa oili kila baada ya kilomita 5,000 litakuwa limekwenda takribani kilomita 5,450 kaunta inapofika hapo. Mmiliki anayepima matumizi ya mafuta kwa kaunta hiyo pia atapata hesabu isiyo sahihi.

Nafasi, usukani na rimu

Tairi jipya linapaswa kuzunguka kwa uhuru katika hali tatu: gari likiwa limenyooka, usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho kila upande, na springi zikiwa zimebanwa kwa mzigo kamili. Tairi linaloonekana kuwa na nafasi ya kutosha gari likiwa tupu gereji linaweza kukwangua fenda, madigadi, springi au chasisi pindi gari linapopakiwa na kuingia kwenye shimo. Mkwaruzo wa aina hiyo hula ubavu wa tairi, na bomba la breki lililo karibu linaweza kukatika.

Baadhi ya mafundi hutatua mgusano wa usukani kwa kurekebisha boliti zinazozuia usukani kukata zaidi, utaratibu unaofahamika sana kwa Land Rover. Njia hiyo ni salama ikifanywa kwa usahihi, lakini gari litahitaji eneo kubwa zaidi la kugeuzia, jambo linalopaswa kuzingatiwa na wanaoendesha kwenye njia finyu za milimani.

Kuhusu rimu, magari mengi ya zamani yana rimu nyembamba za inchi 5.5 au 6. Tairi la 285/75R16 huhitaji rimu yenye upana wa kuanzia inchi 7.5. Kulifunga kwenye rimu nyembamba kunaifanya kingo ya tairi isikae ipasavyo, na tairi linaweza kuchomoka kwenye kona. Rimu mpya zinazosogeza gurudumu nje kupita kiasi, pamoja na vipande vya chuma vinavyowekwa kati ya rimu na habu, huongeza mzigo kwenye beringi na kuufanya usukani uwe mzito na wenye kuvuta upande.

Tahadhari ya pekee inahitajika kwa rimu za vipande, ambazo ringi yake ya chuma hutolewa ili kuvua tairi. Ringi iliyokaa vibaya au iliyoliwa na kutu inaweza kuruka kwa nguvu kubwa wakati wa kujaza upepo na kumuua aliye karibu. Kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye uzoefu, ndani ya kizimba cha chuma cha kujazia upepo, naye asimame mbali na uso wa gurudumu.

Uthabiti na uzito

Mara nyingi matairi makubwa huambatana na springi ndefu zaidi ili kupata nafasi. Mabadiliko hayo mawili kwa pamoja hupandisha kitovu cha uzito wa gari. Pikapu iliyobeba magunia hadi juu ya bodi, ikiwa imenyanyuliwa, hupinduka kwa urahisi zaidi kwenye kona au pale gurudumu la upande mmoja linapoingia mtaroni.

Aidha, tairi lenye namba kubwa ya uwezo wa mzigo haliongezi uzito ambao gari limeruhusiwa kubeba. Kiwango hicho hutokana na chasisi, ekseli, springi na breki kwa pamoja, na kimeandikwa kwenye kibati cha mtengenezaji. Kinyume chake ni kosa la hatari: kufunga tairi kubwa la kuvutia ambalo namba yake ya mzigo ni ndogo kuliko ya lile la kazi lililoondolewa.

Njia zenye gharama nafuu

Kabla ya kuongeza kipenyo, mmiliki anashauriwa kutathmini kama tatizo lake linaweza kutatuliwa kwa matairi ya kipimo kilekile. Tairi jipya lenye kashata za tope, likiwa na kipimo cha mtengenezaji, mara nyingi humaliza tatizo la kukwama lililosababishwa na matairi vipara. Matairi ya magari ya aina hii huwa na vialama vya mpira katikati ya kashata vinavyoonesha ukomo wa milimita 1.6; kashata ikishafikia vialama hivyo, tairi halifai tena barabarani, na uwezo wake kwenye tope huwa umeisha muda mrefu kabla ya hapo.

Kupunguza upepo wakati wa kuvuka mchanga au tope hurefusha sehemu ya tairi inayogusa ardhi na kuongeza mshiko bila gharama yoyote. Sharti lake ni kwenda taratibu na kurudisha upepo kabla ya kuingia barabara ngumu, kwa kuwa tairi lenye upepo mdogo hupata joto na kupasuka. Dereva anayetumia njia hii anapaswa kuwa na kipimo cha upepo na pampu ndani ya gari.

Hatua za kufuata kabla na baada ya kubadilisha

Mmiliki anayeona kuwa bado anahitaji matairi makubwa anashauriwa kufuata hatua zifuatazo:

1. Kusoma kibati cha gari na kitabu cha mtengenezaji ili kufahamu vipimo vilivyoidhinishwa kwa gari hilo.
2. Kukokotoa kipenyo cha tairi jipya na kukilinganisha na cha zamani. Ongezeko la hadi asilimia 3 au 4 ndilo linalovumilika kwa magari mengi ya zamani bila mabadiliko makubwa.
3. Kukagua breki, beringi za magurudumu, viungo vya usukani, springi na shokapu kabla ya kununua matairi. Ubovu uliopo utaongezeka, hautapungua.
4. Kujaribisha gurudumu moja kwanza, likiwa na mzigo kwenye gari na usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho pande zote.
5. Kubadilisha matairi yote manne pamoja na la akiba. Matairi yenye vipenyo tofauti mbele na nyuma hukaza mfumo wa magurudumu manne na kuharibu gia, na tairi la akiba la kipimo cha zamani huleta tatizo hilohilo siku ya pancha.
6. Kufanya alaimenti na balansi, kisha kukaza nati upya baada ya safari ya kwanza.
7. Kupima spidomita. Njia rahisi ni abiria kulinganisha usomaji wake na ule wa programu ya mwendo kwenye simu yenye GPS, katika barabara iliyonyooka. Tofauti ikijulikana, gia ya spidomita irekebishwe, au dereva aandikiwe mbele yake mwendo halisi.
8. Kupima umbali wa kusimama katika eneo la wazi, gari likiwa tupu na kisha likiwa na mzigo, kabla ya kulirudisha kazini.

Kazi hizo zifanywe na mafundi wenye mafunzo, wakiwemo wahitimu wa ufundi magari wa vyuo vya VETA. Kwa magari ya Serikali, matengenezo huratibiwa na Wakala wa Ufundi na Umeme (TEMESA), na dereva au ofisi haipaswi kubadilisha kipimo cha matairi bila ushauri wa wataalamu hao.

Wajibu wa kisheria na bima

Jukumu la kuhakikisha kuwa gari ni salama barabarani ni la mmiliki pamoja na dereva. Askari wa Kikosi cha Usalama Barabarani na wakaguzi wa magari wana mamlaka ya kulikagua gari na kulizuia endapo hali yake inahatarisha watumiaji wengine wa barabara. Tairi linalotokeza nje ya fenda na kurusha mawe, linalokwangua bodi, au lililofungwa kwenye rimu isiyolingana nalo ni sababu ya kutosha ya ukaguzi huo.

Vilevile, mmiliki anapaswa kuitaarifu kampuni yake ya bima kwa maandishi kuhusu badiliko lolote kubwa la gari, ili lisije likawa hoja ya mgogoro wakati wa kudai fidia baada ya ajali. Risiti za matairi, rimu na kazi ya fundi zihifadhiwe pamoja na nyaraka nyingine za gari.

Kwa mmiliki wa pikapu ya kazi, kipimo kilichochaguliwa na mtengenezaji au ongezeko dogo juu yake, likiambatana na kashata nzuri na upepo sahihi, hutosheleza mahitaji mengi ya barabara za vijijini. Anayetaka kuzidi hapo aweke kwenye bajeti yake difu, rimu na matengenezo ya breki pamoja na matairi. Na kama bajeti haitoshelezi vyote, breki ndizo zitangulie.